Juni 2023, asilimia 3.0: mfumuko wa bei Marekani ulikuwa umepoa kweli?

Tarehe 12 Julai 2023 Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitangaza kwamba mfumuko wa bei kwa mwaka ulioishia Juni ulikuwa asilimia 3.0. Juni ya mwaka uliotangulia ulikuwa asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu Novemba 1981. Ndani ya miezi 12, theluthi mbili ya mfumuko ilikuwa imeyeyuka. Waliochoshwa na riba kubwa walisema kazi imekwisha. Wiki mbili baadaye, Julai 26, Benki Kuu ya nchi hiyo ikapandisha riba tena, safari hii hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50.

Aliyesikia habari hizo mbili kwa pamoja alikuwa na haki ya kuuliza nani hapo anasoma takwimu vibaya. Jibu ni kwamba 3.0 ilikuwa sahihi kihesabu, ila ilijibu swali lingine. Wengi walitaka kujua bei zinakwenda kasi gani sasa. Namba hiyo inasema bei za leo ziko wapi zikilinganishwa na za mwaka jana, na mwaka jana ulikuwa na mambo yake. Habari njema ilikuwamo kweli katika taarifa ile, lakini haikuwa kwenye mstari uliopewa vichwa vya habari.

Namba inavyopikwa

Kupika kwa maana njema. Mwaka 2023, kila mwezi wadadisi walikusanya bei katika maeneo 75 ya mijini, kutoka kwa maduka na watoa huduma wapatao 22,000 na nyumba za kupanga zipatazo 6,000. Fahirisi inayotangazwa, yaani namba moja inayofupisha bei hizo zote, inawakilisha zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wa nchi. Wanaoishi vijijini kabisa, askari walio kambini na wafungwa hawamo. Matumizi yamegawanywa katika makundi 243 ya bidhaa na huduma, na nchi katika maeneo 32 ya hesabu, kwa hiyo chini kabisa kuna visanduku 7,776, kila kimoja na fahirisi yake ndogo.

Ndani ya visanduku vilivyo vingi, bei huunganishwa kwa wastani wa kijiometri, utaratibu uliotumika tangu Januari 1999. Chukua aina mbili za bidhaa moja. Ya kwanza imepanda kwa asilimia 20, ya pili haikusogea. Wastani wa kawaida unatoa ongezeko la asilimia 10. Wa kijiometri, yaani kipeuo cha pili cha 1.2, unatoa asilimia 9.5. Hoja yake ni kwamba mnunuzi akiona aina moja imepanda huhamia kwenye nyingine. Wako wanaodai hapa ndipo serikali inapofichia mfumuko. Mtu anaweza kubishana na kanuni hiyo kwa haki, lakini kwa kisa chetu haisaidii kitu: kanuni ilikuwa ileile mwaka 2022 na mwaka 2023, na kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kueleza safari ya kutoka 9.1 hadi 3.0.

Pakiti zinazosinyaa nazo zinahesabiwa. Mfuko ukipunguzwa kutoka gramu 500 hadi 450 na bei ikabaki palepale, mdadisi anarekodi bei kwa kipimo cha gramu, na hiyo inaingia kama ongezeko la asilimia 11.1.

Juu ya visanduku kuna uzito. Kila kundi linapewa sehemu yake kulingana na fedha ambazo kaya hulitumia, si kulingana na umuhimu wake kwa maisha. Hadi 2022 uzito huo ulikuwa unasahihishwa kila baada ya miaka miwili. Kuanzia Januari 2023 unasahihishwa kila mwaka, kwa kutumia matumizi ya mwaka mmoja wa kalenda. Uzito wa 2023 ulitokana na matumizi ya 2021. Makazi peke yake ni kama theluthi moja ya kapu, yaani ya matumizi yote yanayohesabiwa, na tutarudi huko, kwa sababu ndiko penye kesi yenyewe.

Mwisho wa yote inatoka fahirisi ambayo wastani wake wa miaka ya 1982 hadi 1984 ni 100. Juni 2023 ilisomeka 305.109.

Mwezi unaotoka una nguvu sawa na unaoingia

Hesabu ya mwaka haihitaji zaidi ya kugawanya. Fahirisi zilizotangazwa, kabla ya kusawazishwa kwa msimu (yaani kabla ya kuondolewa mwendo wa bei unaojirudia kila mwaka), zilikuwa hivi:

Mei 2022: 292.296
Juni 2022: 296.311
Julai 2022: 296.276

Mei 2023: 304.127
Juni 2023: 305.109
Julai 2023: 305.691

Gawanya 304.127 kwa 292.296 unapata 1.0405, yaani mfumuko wa Mei 2023 ni asilimia 4.0. Gawanya 305.109 kwa 296.311 unapata 1.0297, ambayo kwa kukadiria ni asilimia 3.0. Ndani ya mwezi mmoja mfumuko umeshuka kwa zaidi ya pointi moja. Je, bei zilifanya nini mwezi huo? Zilipanda kwa asilimia 0.32. Hakuna kilichoshuka. Kilichotokea ni kwamba Juni 2022 fahirisi ilikuwa imeruka kwa asilimia 1.37 ndani ya mwezi mmoja, wakati wastani wa bei ya petroli nchini humo ulipovuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza. Mruko ule ulikuwa ndani ya hesabu ya mwaka ulioishia Mei 2023. Ulipofika mwaka ulioishia Juni, ukawa umebaki nyuma ya mstari wa kuanzia. Toa 0.32 kwa 1.37 na utapata 1.05, ambayo ni karibu anguko lote la mwezi ule.

Sasa sogeza mwezi mmoja mbele. Kati ya Juni na Julai 2022 fahirisi haikupanda kabisa. Ilirudi nyuma kwa kiasi kidogo mno, asilimia 0.01. Kwa hiyo mwezi uliokuwa unatoka haukuwa na kitu cha kuondoka nacho. Julai 2023 bei zilipanda kwa asilimia 0.19, polepole kuliko Juni, na bado mfumuko wa mwaka ukapanda hadi asilimia 3.2. Tazama hapo vizuri: mwezi ambao bei zilikwenda polepole zaidi ndio mfumuko ulioripotiwa kuwa umeongezeka. Agosti, petroli ilipopanda kwa asilimia 10.6 ndani ya mwezi, ukafika 3.7.

Yote haya yangeweza kujulikana mapema. Aliyekuwa na jedwali la 2022 mezani angeweza, tangu Januari 2023, kusema kwamba Juni ingekuwa sehemu ya chini kabisa kwa kipindi kile na kwamba nusu ya pili ya mwaka ingeonekana mbaya, bila kubashiri bei hata moja. Kabla ya kusoma taarifa yoyote ya mfumuko wa mwaka, kwanza tafuta mwezi wa mwaka jana unaotoka ulipanda kwa kiasi gani. Wachache hufanya hivyo, nami sielewi kwa nini, maana ni kazi ya dakika mbili.

Ukilifungua kapu

Hatua inayofuata ni kuuliza 3.0 imetoka wapi. Mchango wa kundi ni uzito wake mwanzoni mwa kipindi ukizidishwa na mabadiliko ya bei zake. Kwa Juni 2022 uzito ulikuwa takribani hivi: chakula asilimia 13.5, nishati 9, na vingine vyote 77.5. Katika miezi 12 iliyofuata chakula kilipanda kwa asilimia 5.7, nishati ikashuka kwa 16.7, na vingine vikapanda kwa 4.8.

Chakula kilichangia pointi 0.77. Vingine vyote, pointi 3.72. Nishati ilipunguza pointi 1.50. Jumla ni 2.99.

Kwa maneno mengine, bila kushuka kwa nishati mfumuko ungekuwa karibu asilimia 4.5. Nishati hiyohiyo mwaka uliotangulia ilikuwa imepanda kwa asilimia 41.6, na petroli peke yake kwa 59.9. Bei ya nishati haiwezi kuanguka kwa asilimia 16.7 kila mwaka. Ikitulia tu mahali ilipo, mchango wake unakuwa sifuri na ile pointi 1.50 inarudi, hata kama hakuna duka lililopandisha bei kwa namna mpya.

Ndiyo maana wachambuzi huutazama mfumuko usiojumuisha chakula na nishati. Si kwamba watu hawali wala hawajazi mafuta, kejeli ambayo hurudiwa kila mwaka. Ni kwamba makundi hayo mawili hupanda na kushuka kwa sababu za vita, mvua na visima, na mwendo wao wa mwezi huu hausemi mengi kuhusu mwaka ujao. Kipimo hicho kilikuwa asilimia 5.9 Juni 2022, kikafika kilele cha 6.6 Septemba, na Juni 2023 kilikuwa 4.8. Kilishuka, lakini si kwa theluthi mbili.

Ndani ya hiyo 4.8 kuna dunia mbili. Bidhaa zisizo chakula wala nishati zilikuwa zimepanda kwa asilimia 1.3 tu, baada ya kufika asilimia 12.3 Februari 2022, mwezi ambao magari yaliyotumika yalikuwa juu kwa asilimia 41.2 kuliko mwaka uliotangulia. Viwanda na meli zilipofunguka, hilo likapita. Juni 2023 magari hayo yalikuwa yameshuka kwa asilimia 5.2. Huduma zisizo za nishati zilikuwa bado asilimia 6.2. Na ndani ya huduma, kubwa lao ni nyumba.

Nyumba, au jinsi fahirisi inavyosoma barua ya mwaka jana

Makazi yalipanda kwa asilimia 7.8 katika mwaka ulioishia Juni 2023. Kwa uzito wa karibu asilimia 32 mwanzoni mwa kipindi, mchango wake ni pointi 2.5 kati ya zile 3.0. Ukiyaondoa makazi, fahirisi iliyobaki ilikuwa imepanda kwa asilimia 0.7 tu kwa mwaka mzima. Namba hiyo ikikutana na msomaji mwenye haraka, anahitimisha kuwa mfumuko umekufa. Mwingine anaiona 7.8 na kuhitimisha kuwa moto bado unawaka. Wote wawili wanahitaji kujua kodi inapimwaje.

Kwanza, nyumba haihesabiwi kwa bei ya kuinunua, kwa kuwa kununua nyumba kunachukuliwa kama kuwekeza. Kinachohesabiwa ni huduma ya kukaa ndani yake. Kwa mpangaji, ni kodi anayolipa. Kwa mwenye nyumba anayeishi mwenyewe, tangu Januari 1983, ni kodi ya kukisia: kiasi ambacho nyumba yake ingemletea kama angeipangisha. Kundi hili la pili ndilo zito kuliko yote, takribani robo ya kapu zima.

Kuna uvumi mkubwa kwamba takwimu hii inatokana na wenye nyumba kuulizwa wanadhani nyumba zao zingepangishwa kwa kiasi gani. Swali hilo lipo, lakini linatumika kupata uzito tu. Mwendo wa bei unatokana na kodi halisi za wapangaji walio katika nyumba na mitaa inayofanana na ya wenye nyumba hao.

Tatizo ni muda. Nyumba za sampuli zimegawanywa katika mafungu sita, na kila fungu linatembelewa mara moja kila miezi sita. Fungu linalosomwa mwezi huu linaeleza kilichobadilika tangu miezi sita iliyopita, na badiliko hilo linageuzwa kuwa la mwezi mmoja kwa kutafuta kipeuo cha sita. Juu ya hapo, sampuli inabeba wapangaji wote, waliohamia jana na waliokaa miaka kumi, na wengi wao wana mkataba wa mwaka ambao haugusiki hadi uishe.

Mfano wa kubuni unaonyesha kinachotokea. Kuna wapangaji 12, kila mmoja analipa dola 1,000, na kila mwezi mkataba wa mmoja wao unaisha. Januari kodi ya soko inaruka hadi dola 1,120, kisha inasimama hapo mwaka mzima. Januari mpangaji wa kwanza anasaini upya, na wastani wa kodi za wote unakuwa 1,010. Februari unakuwa 1,020. Desemba, mpangaji wa mwisho aliposaini, ndipo unapofika 1,120. Soko halijasogea tangu Januari, ilhali wastani umepanda kila mwezi kwa karibu asilimia 1. Ongeza ucheleweshaji wa kusoma kila fungu mara moja kwa miezi sita, na utaelewa kwa nini utafiti wa kodi za wapangaji wapya, uliofanywa na wataalamu wa ofisi hiyohiyo ya takwimu pamoja na wa Benki Kuu tawi la Cleveland, ulikuta kuwa kodi hizo zinatangulia fahirisi kwa takribani robo nne za mwaka.

Kwa hiyo 7.8 ya Juni 2023 ilikuwa kwa sehemu kubwa habari za 2022. Kodi za mikataba mipya zilikuwa zimeanza kupoa mapema, na mfumuko wa makazi ulishafikia kilele chake, asilimia 8.2, Machi 2023. Hata hivyo si haki kuitupa. Mpangaji aliyesaini upya Mei 2023 na kuongezewa kodi alitoa fedha za kweli mfukoni mwezi huo. Kama swali ni gharama za maisha ya watu walivyo, 7.8 ni jibu sahihi. Kama swali ni shinikizo la bei linaloanza leo, ni jibu lililochelewa. Fahirisi moja inaulizwa maswali mawili, halafu inalaumiwa kwa kutojibu yote.

Ucheleweshaji huo ulifanya kazi pande zote. Mwaka 2021, kodi mpya zilipokuwa zinapaa, fahirisi ilionyesha makazi yametulia, na mfumuko ukaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Mwaka 2023 ikaonyesha kinyume.

Kitu kidogo kilichochezea namba: bima ya afya

Uzito wake haufiki asilimia 1, lakini ni mfano mzuri wa jinsi njia ya kupima inavyoweza kutengeneza mwendo ambao hakuna mteja aliyeuona. Fahirisi haifuati bei ya kadi ya bima. Inafuata kile kinachobaki kwa kampuni baada ya kulipa matibabu, kwa kuwa matibabu yenyewe yameshahesabiwa kwenye makundi ya hospitali, madaktari na dawa. Takwimu za masalio hayo zilikuwa zinaingizwa mara moja kwa mwaka, kila Oktoba, zikiwa zimechelewa.

Mwaka 2020 watu waliogopa kwenda hospitali. Kampuni zikakusanya michango na kulipa kidogo, masalio yakavimba. Fahirisi ikalibeba hilo kuanzia Oktoba 2021, na Septemba 2022 bima ya afya ikasomeka kuwa imepanda kwa asilimia 28.2. Mwaka 2021 wagonjwa walirudi, masalio yakapungua. Kuanzia Oktoba 2022 fahirisi ikawa inashuka kwa karibu asilimia 4 kila mwezi, miezi 12 mfululizo, hadi Septemba 2023 ikasomeka chini kwa asilimia 37.3. Muulize yeyote aliyelipia bima mwaka ule kama ilipungua kwa zaidi ya theluthi.

Kwa uzito wake mdogo, jambo hilo lilikata kati ya pointi 0.2 na 0.3 kwenye mfumuko wa mwaka katikati ya 2023. Si uongo wa makusudi. Ni hesabu ya miaka miwili iliyopita ikiingia kwa awamu. Oktoba 2023 ofisi ya takwimu ilianza kusawazisha mabadiliko hayo na kuyaingiza kila nusu mwaka, na mwezi huohuo fahirisi ya bima ya afya ikaanza kupanda.

Bima ya magari ilikwenda njia nyingine. Kampuni zilipandisha bei baada ya magari na matengenezo yake kupanda mwaka 2021 na 2022, kwa hiyo wakati magari yanashuka bei, bima yake ilikuwa juu kwa asilimia 16.9 Juni 2023, na 22.2 Machi 2024. Ni ule mfumuko wa zamani, umefika kwa basi la mwisho.

Misimu na masahihisho

Ukiogopa mwezi unaotoka, unaweza kukimbilia mabadiliko ya miezi sita. Angalia lakini mtego uliopo. Kutoka Juni hadi Desemba 2022 fahirisi ghafi, yaani isiyosawazishwa kwa msimu, ilitoka 296.311 hadi 296.797, ongezeko la asilimia 0.16 kwa nusu mwaka. Kutoka hapo hadi Juni 2023 ikapanda kwa asilimia 2.8. Ukisoma hivyo, mfumuko ulikufa mwaka 2022 kisha ukafufuka 2023, jambo ambalo halikutokea kwa ukali huo. Nchini humo bei nyingi hupangwa upya mwanzoni mwa mwaka na petroli hupanda kuelekea majira ya joto, hivyo nusu ya kwanza huwa na joto kuliko ya pili karibu kila mwaka. Kwa kulinganisha miezi iliyo karibu tumia namba zilizosawazishwa kwa msimu. Kwa kulinganisha mwaka na mwaka tumia ghafi.

Namba zilizosawazishwa nazo hubadilika. Kila Februari vigezo vya msimu vinahesabiwa upya kwa miaka mitano ya nyuma. Desemba 2022 ilitangazwa kwanza kuwa bei zimeshuka kwa asilimia 0.1 ndani ya mwezi, ikapokewa kwa shangwe. Februari 2023 ikasahihishwa: zilipanda kwa 0.1. Fahirisi ghafi haikuguswa.

Mstari uliostahili kusomwa

Tuunganishe sasa. Mabadiliko ya mwezi, yaliyosawazishwa kwa msimu, bila chakula na nishati, kama yalivyotangazwa mara ya kwanza mwaka 2023: Januari 0.4, Februari 0.5, Machi 0.4, Aprili 0.4, Mei 0.4, Juni 0.2.

Kuyageuza kuwa kasi ya mwaka, andika badiliko la mwezi kwa desimali (asilimia 0.4 ni 0.004), ongeza moja, pandisha jibu kwa kipeo cha 12, kisha toa moja. Asilimia 0.4 kwa mwezi ni 4.9 kwa mwaka. Asilimia 0.3 ni 3.7, 0.2 ni 2.4. Lengo la Benki Kuu la asilimia 2 linahitaji takribani 0.17. Jihadhari na ukadiriaji: 0.2 iliyochapishwa inaweza kuwa 0.15 au 0.249, yaani kasi ya mwaka ya asilimia 1.8 au 3.0. Pakua fahirisi yenye desimali tatu ukahesabu mwenyewe.

Sasa kisa kinasomeka. Kutoka Januari hadi Mei 2023 mfumuko wa jumla ulianguka kutoka 6.4 hadi 4.0, na magazeti yakashangilia kila mwezi. Katika miezi hiyohiyo mwendo wa ndani, ule usio na chakula na nishati, haukushuka chini ya 0.4. Ulikuwa unakwenda kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka. Kilichokuwa kinashuka ni nishati na miezi mibaya ya 2022 iliyokuwa inatoka. Taarifa ya Juni ndiyo ya kwanza mwaka ule ambapo mwendo wenyewe ulishuka chini ya 0.4, hadi 0.2. Ile 0.2 ndiyo iliyokuwa habari. Asilimia 3.0 ilikuwa kwa sehemu kubwa kumbukumbu ya petroli.

Hata 0.2 ilikuwa na wasaidizi wa muda: nauli za ndege zilishuka kwa asilimia 8.1 ndani ya mwezi huo mmoja, na magari yaliyotumika kwa 0.5. Makazi yalipanda kwa 0.4, pungufu ya 0.6 ya Mei, na hilo ndilo lililokuwa na uzito wa kudumu. Vipimo vinavyopuuza mabadiliko yaliyozidi mno, ya juu na ya chini, vilikuwa na tahadhari zaidi. Fahirisi ya kati ya Cleveland, inayopanga makundi yote kwa mabadiliko yake na kuchukua la katikati, ilikuwa imepita asilimia 7 mwanzoni mwa 2023, na Juni ilikuwa bado juu ya 6. Kwa kuwa kundi la katikati mara nyingi huangukia kwenye kodi, nayo ilikuwa imebeba ucheleweshaji uleule. Si mwamuzi asiye na upande kama inavyosifiwa.

Benki Kuu ilikuwa na sababu nyingine ya kutoshangilia. Lengo lake la asilimia 2, lililotangazwa rasmi Januari 2012, halimo kwenye fahirisi hii bali kwenye fahirisi ya matumizi binafsi, ambamo uzito wa nyumba ni karibu nusu tu ya ule zilio nao hapa, na huduma za afya zina uzito mkubwa zaidi. Huko, bila chakula na nishati, Juni 2023 ilitangazwa kuwa 4.1. Mwezi mmoja wa 0.2 haukutosha kuifuta.

Hukumu yangu kwa tarehe ile: ulikuwa unapoa, kwa kasi ndogo kuliko ilivyosema 3.0 na kubwa kuliko ilivyosema 4.8. Ya kwanza ilibebwa na petroli, ya pili ililemewa na kodi za mwaka uliopita. Kasi ya kweli ilikuwa mahali fulani katikati, na miezi mitatu zaidi ilihitajika kuithibitisha. Ilithibitika kwa kusuasua. Julai ilikuwa 0.2, Agosti na Septemba 0.3. Mfumuko usio na chakula na nishati ulifunga 2023 ukiwa 3.9. Kisha Januari, Februari na Machi 2024 zote zikatoka 0.4, bima ya magari ikiwa miongoni mwa vichochezi, na waliotabiri riba kushuka mapema mwaka huo wakarudisha kalamu mfukoni. Mei ilirudi 0.2, Juni 0.1. Riba ilianza kukatwa Septemba 18, 2024, kwa nusu pointi, wakati mfumuko wa mwaka ulioishia Agosti ulikuwa 2.5 na makazi bado 5.2.

Na katika muda wote huo, bei hazikurudi zilikotoka. Fahirisi ilikuwa 258.678 Februari 2020, 305.109 Juni 2023, na 314.175 Juni 2024. Kati ya namba mbili za kwanza kuna asilimia 18, na ndiyo aliyokuwa anaisikia mtu kwenye risiti yake alipoambiwa kuwa mfumuko umeshuka.